Hesabu ya Chimwaga Darasani: Kufundisha Jinsi Chama cha Siasa Kinavyomchagua Kiongozi Mkutanoni

Shabaha ya makala haya ni kumsaidia mwalimu mwanafunzi anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, na ambaye katika azimio lake la kazi atakuta mada ya uchaguzi na vyama vya siasa. Mada hiyo imo katika masomo ya uraia na maadili, kwa majina mbalimbali ambayo mihtasari imeyapa masomo hayo. Nimekagua vipindi vingi vya mada hii, vikiwamo vya shule za kata ya Saza katika wilaya ya Songwe, na takriban vyote vina upungufu wa namna moja. Mwalimu huandika ubaoni kwamba chama huitisha mkutano, kwamba wajumbe hupiga kura, na kwamba mwenye kura nyingi hushinda. Wanafunzi hunakili. Kengele hulia. Sasa, ile sentensi ya tatu si kweli daima, na mfano mkubwa wa kuikanusha umo katika historia ya nchi yetu wenyewe.

Upungufu huo una sababu yake. Walimu wanafunzi huiogopa mada. Mmoja niliyemkagua huko Saza aliandaa somo kwa bidii, lakini kila mahali palipohitaji jina la chama aliandika "Chama A" na "Chama B", na wagombea wakawa "Ndugu X" na "Ndugu Y". Baada ya dakika 10 watoto walikuwa wakitazama nje ya dirisha. Nilipomwuliza baada ya kipindi, alijibu kwamba hakutaka kuonekana anapiga kampeni. Hofu yake haikuwa ya bure. Mtumishi wa umma hapaswi kufanya shughuli za chama mahali pa kazi, na tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992 shule si mahali pa tawi la chama chochote. Lakini kumnyima mtoto majina ya watu walioongoza nchi yake ni jambo jingine kabisa. Hakuna anayefundisha vita vya Majimaji kwa kuwaita wapiganaji "Kundi A". Jambo lililokwisha kutokea hadharani na kuandikwa ni historia, na historia hufundishwa kwa majina, mahali na tarehe.

Mwalimu aanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo hata watu wazima huyachanganya. Mkutano mkuu wa chama waweza kumchagua mwenyekiti wa chama. Waweza pia kumteua mtu atakayekiwakilisha chama katika uchaguzi wa rais. Hizo ni kazi mbili. Katika Chama cha Mapinduzi desturi imekuwa mtu mmoja kushika vyeo vyote viwili, lakini hata hapo havikabidhiwi siku moja: Benjamin Mkapa alikuwa rais mwaka 1995 na mwenyekiti mwaka 1996; Jakaya Kikwete alikuwa rais mwaka 2005 na mwenyekiti mwaka 2006; John Magufuli alikuwa rais mwaka 2015 na mwenyekiti mwaka 2016. Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa rais Machi 2021, akachaguliwa mwenyekiti tarehe 30 Aprili mwaka huohuo. Orodha hiyo fupi ikiandikwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani, yatosha. Isiwachoshe watoto.

Yafaa pia wanafunzi watumwe nyumbani kuwauliza wazee. Babu na bibi watakumbuka enzi za chama kimoja, ambapo wagombea wawili wa ubunge katika jimbo walitofautishwa kwa alama ya jembe na ya nyumba, na ambapo kwa urais chama kilileta jina moja tu, nao wananchi wakaulizwa waseme Ndiyo au Hapana. Mtoto akirudi na habari hiyo ataelewa kwa nini mkutano wa mwaka 1995, tutakaouzungumzia hivi punde, ulikuwa mgeni kwa kila mtu: kwa mara ya kwanza chama kilijua kwamba jina litakalotoka mkutanoni litakutana na wapinzani wa vyama vingine.

Baada ya hapo wanafunzi waonyeshwe njia anayopita mjumbe. Ichorwe ubaoni kama ngazi, ianzie kijijini. Katika Chama cha Mapinduzi kuna shina, kisha tawi, kata, wilaya, mkoa na taifa. CHADEMA nayo ina ngazi zake, inaanzia kwenye msingi na kupanda hadi taifa, ikiwa na kanda juu ya mikoa. Mwulize mwanafunzi: mtu wa Saza akitaka kuwamo ukumbini Dodoma siku ya kura, atapita wapi? Hawezi kuamka asubuhi na kupanda basi. Sharti wenzake wamchague, au cheo chake kimpe nafasi hiyo. Hapa pana jambo dogo la jiografia linalopendwa na watoto. Mwaka 1995 hapakuwa na mkoa wa Songwe, wala wilaya ya Songwe. Mkoa ulizaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya. Saza ilikuwa katika wilaya ya Chunya, mkoa wa Mbeya, na wajumbe walioisemea Saza huko Chimwaga walihesabiwa kwa Chunya.

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Ushauri wangu ni kwamba kipindi cha kwanza kisiwe na jina la chama hata kimoja, bali watoto wapige kura yao wenyewe, na jambo linalopigiwa kura liwe la kweli. Kura ya mchezo haimfundishi mtoto kitu, maana hakuna anachopoteza. Chukua shamba la shule: msimu ujao lilimwe nini, mahindi, ufuta au alizeti? Zungumza kwanza na mwalimu mkuu ili uamuzi wa darasa uheshimiwe walau kwa tuta moja. Zana ni boksi tupu la chaki lililotobolewa tundu, na vipande vya karatasi kutoka madaftari yaliyokwisha. Kura iwe ya siri. Wapo walimu wanaopenda mikono inyooshwe kwa kuwa ni haraka. Mimi naikataa njia hiyo. Tazama siku moja darasa linalopiga kura kwa mikono: macho yote humwelekea kwanza kijana mwenye nguvu anayekaa nyuma, kisha mikono ndiyo hufuata.

Tuseme darasa lina wanafunzi 60, na kura zimetoka hivi: mahindi 26, ufuta 20, alizeti 14. Watoto wa mahindi watashangilia. Waulize wote: je, darasa limetaka mahindi? Wengine watasema ndiyo. Waache wahesabu wasiotaka mahindi. Ni 34, zaidi ya nusu. Hapo ndipo ueleze kanuni ya zaidi ya nusu: nusu ya 60 ni 30, basi inatakiwa kura 31. Hakuna aliyezifikisha. Alizeti iondolewe, kura ipigwe mara ya pili kati ya mahindi na ufuta. Huenda mahindi yakashinda. Huenda ufuta ukashinda. Lolote litakalotokea lina faida kwa somo, ila kwa sharti moja: kanuni hii itangazwe na kuandikwa ubaoni kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Ukiitangaza baada ya kuona mahindi yanaongoza, watoto wa mahindi watakuona mwizi, na watakuwa na haki.

Katika kipindi cha pili ndipo Chimwaga iingie. Chimwaga ni mahali pa Dodoma ambapo chama kilikuwa na ukumbi wake mkubwa. Eneo hilo leo limo ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Julai 1995 wajumbe wa Mkutano Mkuu wa Chama cha Mapinduzi walikutana hapo kumteua mgombea wa kumrithi Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye alikuwa anamaliza vipindi vyake viwili. Majina matatu yaliletwa mbele yao: Jakaya Kikwete, Waziri wa Fedha, aliyekuwa na miaka 44, Benjamin Mkapa, Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, na Cleopa Msuya, aliyekuwa Waziri Mkuu na mwenye umri mkubwa kuliko wenzake. Mwalimu Nyerere hakuwa tena na cheo chamani, lakini neno lake lilikuwa zito, na ilijulikana kwamba alikuwa upande wa Mkapa.

Andika ubaoni hesabu hii, bila maelezo yoyote:

Mara ya kwanza: Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336.
Mara ya pili: Mkapa 686, Kikwete 639.

Kisha nyamaza. Mwalimu mwanafunzi huona ugumu wa kunyamaza, lakini dakika mbili za ukimya hapa zina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Watoto waliokwisha kupiga kura ya mahindi na ufuta watauona wenyewe mwujiza wa ubaoni: aliyeongoza kwa kura 75 mara ya kwanza ameshindwa kwa kura 47 mara ya pili. Waulize kwa nini hakutangazwa mshindi pale mwanzo. Jumla ya kura za watatu hao ni 1,329. Nusu yake ni 664 na nusu. Inatakiwa kura 665. Kikwete alipungukiwa na kura 131. Msuya, aliyekuwa wa mwisho, akatoka, na wajumbe wakapiga kura upya.

Swali linalofuata ndilo zuri kuliko yote, nalo lipewe nafasi ya kutosha: kura 336 za Msuya zilikwenda wapi? Wanafunzi watatoa hesabu haraka. Mkapa ameongezeka kwa kura 227. Kikwete ameongezeka kwa kura 105. Jumla ya nyongeza ni 332, na 4 hazionekani; huenda ziliharibika au wenyewe hawakupiga. Basi mtoto ataandika: wajumbe 227 wa Msuya walimpigia Mkapa, na 105 walimpigia Kikwete. Karibu kila mwalimu mwanafunzi huweka alama ya vema kwenye jibu hilo. Lisiwekewe vema bila swali jingine. Kura ilikuwa ya siri. Huenda wapo waliompigia Kikwete asubuhi wakambadilishia Mkapa mchana, na nafasi yao ikajazwa na watu wa Msuya. Huenda wapo wa Mkapa waliokwenda kwa Kikwete. Hesabu inatuonyesha ni kiasi gani kila mmoja alipanda. Haituonyeshi ni nani alihama. Kumfundisha mtoto wa miaka 12 kutofautisha hayo mawili ni kazi kubwa, nayo itamfaa katika hesabu nyingi atakazosomewa maishani mwake na watu wenye sauti kubwa.

Hesabu nyingine ya kuwaachia watoto ni hii: ni watu wangapi walitosha kuyageuza matokeo? Mara ya pili jumla ilikuwa 1,325, kwa hiyo zilitakiwa kura 663. Wajumbe 24 wangehama kutoka kwa Mkapa, yeye angebaki na 662 na Kikwete angefikisha 663. Watu 24! Katika shule nyingi tulizo nazo hao hawafiki nusu ya darasa moja. Waambie watoto 24 wasimame, wahame waende upande wa pili wa chumba. Watakumbuka zoezi hilo muda mrefu. Mkapa alishinda uchaguzi wa Oktoba 1995 na kuongoza nchi miaka 10.

Mpaka hapa somo ni la kufurahisha, na walimu wengi wangelimaliza hapo. Lakini lina sehemu ya pili iliyo ngumu zaidi, nayo ni ile ya majina kabla hayajafika ukumbini. Wajumbe wa Chimwaga hawakuchagua kati ya watu wote waliotaka. Walichagua kati ya watatu, na kazi ya kuyachuja majina mengine ilikuwa imekwisha kufanywa na vikao vidogo. Mfano ulio wazi zaidi wa mchujo ni wa mwaka 2015. Makada 38 walirudisha fomu za kuomba kuteuliwa. Kamati Kuu ikabakiza watano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Halmashauri Kuu ikawapigia kura hao watano ikabakiza watatu: Magufuli, Migiro na Amina Salum Ali. Mkutano Mkuu ndipo ukamchagua mmoja, Magufuli, kwa kura 2,104. Amina Salum Ali alipata 253 na Migiro 59. Nusu ya jumla ya kura hizo ni 1,208, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kurudia.

Chora faneli ubaoni: 38, kisha 5, kisha 3, kisha 1. Halafu uliza ni hatua ipi iliyoondoa watu wengi zaidi, na ni watu wangapi waliokaa katika hatua hiyo. Watoto wataona kwamba hatua ya kwanza iliondoa watu 33, nayo ilifanywa na kikao kidogo kuliko vyote. Hatua ya mwisho, yenye wajumbe zaidi ya elfu mbili, iliondoa wawili tu. Mwalimu mwanafunzi mmoja, binti aliyefundisha Darasa la Sita huko Saza, alilieleza jambo hili kwa mfano ambao mimi mkufunzi nisingeupata chuoni. Aliwauliza watoto kazi ya mwaloni inavyokwenda. Wakamweleza: jiwe linatoka duarani, linasagwa karashani, mchanga unaoshwa kwa maji, mwingi unakwenda zake, na kinachofika kwenye mizani ni kidogo sana. Akawauliza: mizani ikisoma sawasawa, mnajuaje kwamba hakuna dhahabu iliyokwenda na mchanga? Mtoto mmoja akajibu kwamba inategemea aliyeshika karai. Basi, akasema, tumwulize sasa aliyeshika karai Dodoma.

Mwalimu asiwape watoto hukumu juu ya mchujo huo. Kuna hoja za pande zote mbili, na ziandikwe zote ubaoni. Kikao kidogo huwafahamu waombaji kwa karibu, na wajumbe elfu mbili hawawezi kupima watu 38 kwa siku moja; wengine watajibu kwamba kikao kidogo ni rahisi kukielekeza. Mwaka 2015 ubishi huo ulitoka nje hadharani. Jina la Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2005 hadi 2008, halikuwamo katika yale matano, na wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, wakajitokeza mbele ya waandishi wa habari kujitenga na uamuzi huo. Lowassa alihamia CHADEMA mwezi huohuo wa Julai, akagombea urais Oktoba na kupata kura zaidi ya milioni 6 dhidi ya zaidi ya milioni 8 za Magufuli. Mwaka 2019 alirejea katika chama chake cha zamani. Alifariki Februari 2024. Nchimbi hakuhama, na mwaka huohuo wa 2024 akawa Katibu Mkuu.

Darasa likiwa na uwezo mzuri, liongezwe zoezi moja kuhusu uwakilishi wenyewe. Gawa wanafunzi 60 katika makundi matano ya watu 12, na safari hii mazao yawe mawili tu. Katika makundi matatu, tuseme mahindi yamepata kura 7 na ufuta 5. Katika makundi mawili, ufuta umepata zote 12. Kila kundi litume mjumbe mmoja mwenye kuisemea kura ya wengi wa kundi lake. Wajumbe wakikutana, mahindi yatashinda 3 kwa 2. Sasa hesabu watu wote: mahindi 21, ufuta 39. Watoto watapiga kelele, na ni haki wapige. Ila mwalimu aongeze jambo ambalo zoezi limelificha, kwamba katika mkutano wa chama mjumbe anapiga kura ya siri, hivyo waliomtuma hawawezi kujua kama aliwasemea. Je, mjumbe afuate aliyotumwa, au afuate akili yake baada ya kuwasikiliza wagombea? Mjadala huo utajaza kipindi kizima, tena ni mzuri kwa somo la Kiswahili.

Kwa mifano ya karibu zaidi, Januari 2025 ilileta mikutano miwili ndani ya juma moja. Tarehe 18 na 19 Mkutano Mkuu wa Chama cha Mapinduzi ulikutana Dodoma, ukampitisha Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea wa urais wa uchaguzi wa Oktoba. Jina lilikuwa moja, kwa hiyo hesabu ya nusu haina kazi hapo, na swali linalobaki kwa mwanafunzi ni lile la karai. Tarehe 21 kuamkia 22 Mkutano Mkuu wa CHADEMA ulikutana katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, kumchagua mwenyekiti wa chama. Freeman Mbowe, aliyekishika cheo hicho tangu 2004, alipata kura 482. Tundu Lissu alipata 513. Charles Odero alipata 1. Mbowe alimpongeza Lissu asubuhi ile kabla matokeo hayajatangazwa rasmi. Yaliyofuata baadaye mwaka huo ni mazito, mengine yamefika mahakamani, na mwalimu mwanafunzi asiyabebe ndani ya kipindi cha dakika 40 alichokiandalia hesabu ya mkutano.

Kura ile 1 ya Odero isidharauliwe. Jumla ni 996. Nusu ni 498. Tukitumia kanuni ileile ya Chimwaga, mshindi hana budi kuwa na 499. Waambie watoto wahamishe kura 16 kutoka kwa Lissu kwenda kwa Mbowe. Mbowe atakuwa na 498 na Lissu 497. Je, Mbowe ameshinda? Ana nusu kamili, hana zaidi ya nusu. Kura moja ya mtu wa tatu ingewarudisha wote ukumbini. Nimeliona zoezi hili likiwasimamisha watoto ambao kwa kawaida hawapendi hesabu.

Linabaki suala la mwenendo wa mwalimu mwenyewe. Usiingie darasani na kanga, kofia wala fulana ya chama chochote, hata kama ni nguo pekee iliyokauka siku hiyo. Usiwaulize watoto wazazi wao ni wa chama gani. Mtoto atajibu kwa unyofu, na jibu lake litatembea kijijini kabla ya jua kuchwa. Usiwape watoto majina ya viongozi wa kweli ili waigize, kwa kuwa maigizo huvuta kicheko, na kicheko kitamwumiza mtu. Nyimbo za vyama ziachwe nje. Mtoto atakuuliza, na hakika atauliza, "Mwalimu, na wewe uko chama gani?" Mjibu kwa upole kwamba kura yako ni siri kama yake ya ufuta na mahindi, na kwamba hukuifungua karatasi yake. Mzazi akija kulalamika, mkaribishe aketi, mwonyeshe andalio la somo na hesabu za ubaoni. Kwa uzoefu wangu, mzazi akiona majina ya pande zote na tarakimu zake, huanza yeye mwenyewe kusimulia anavyokumbuka habari za Chimwaga kwenye redio, na huyo umempata awe mgeni wa kipindi kijacho, mradi asimulie aliyoyasikia na asiombe kura.

Kuhusu walioshindwa, waache watoto wapime wenyewe. Kikwete wa mwaka 1995 alibaki chamani, na tarehe 4 Mei 2005, Chimwaga tena, alipata kura 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya, mbunge aliyetoka Rungwe, majirani zetu. Lowassa alihama akarudi. Mbowe alipongeza. Mwanafunzi aandike aya moja akieleza ni nani alifanya vema, na kwa sababu gani. Asahihishwe kwa sababu alizotoa, jina alilolichagua lisiongeze wala kupunguza alama.

Katika jaribio la mwisho wa mada liwemo swali hili: "Wajumbe waliompigia Msuya mara ya kwanza walimpigia nani mara ya pili?" Atakayeandika 227 kwa Mkapa na 105 kwa Kikwete apewe nusu ya alama kwa kujua kutoa. Atakayeandika kwamba kwa kuwa kura ilikuwa ya siri hatuwezi kujua hakika, apewe zote.